Kuunda Vitu na Watoto Nairobi kwa Maganda ya Mahindi, Mabua na Udongo

Tangu mtaala wa umilisi (CBC) uingie shuleni, wazazi wa Nairobi tumezoea agizo la jioni: kesho mtoto aje na kitu alichokiunda kwa mikono yake. Kinachofuata tunakijua sote. Mzazi anakimbilia dukani kununua manila, gundi na rangi, mtoto anasinzia kitini, na mama au baba anabaki akikata na kubandika hadi usiku wa manane. Asubuhi mtoto anabeba kazi isiyo yake.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Vifaa vyake karibu vyote huokotwa au huombwa, na sehemu kubwa ya kazi mtoto wa miaka mitano hadi kumi anaiweza mwenyewe. Wewe kazi yako ni kisu, moto na subira. Nimechagua maganda ya mahindi, mabua na udongo kwa sababu hata anayeishi ghorofa ya tano pale Pipeline, asiye na hata chungu cha maua, anaweza kuvipata.

Mahali pa kuokota, na mahali pa kuacha

Msitu wa Karura na bustani ya miti ya Arboretum ni pazuri pa kumpeleka mtoto atazame, aguse magome, alinganishe majani. Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 na miti yake mingi ina vibao vya majina, kwa hiyo mtoto anayejua kusoma atapata mengi. Ila si pa kujazia mfuko. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kutoa mazao ya msitu bila idhini. Mtoto akiuliza kwa nini, mweleze jinsi Wangari Maathai na wenzake walivyopigwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miti Karura, wakati ardhi ya msitu huo ilikuwa imegawiwa watu wajenge. Mtoto wa Nairobi anastahili kuijua habari hiyo mapema, tena aisikie akiwa amesimama chini ya miti yenyewe.

Okoteni uani kwenu, kando ya vijia vya mtaa, kwa jirani mwenye shamba na kwa mchoma mahindi. Bebeni kiondo au mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na hata kama isingekuwa hivyo, majani mabichi yakifungiwa ndani ya plastiki huvunda kabla hamjafika nyumbani.

Msichukue udongo wala matope kando ya mito ya jiji, karibu na gereji, karibu na jaa la taka au panapopita maji machafu. Hili halina mjadala, kwa sababu mikono ya mtoto huishia mdomoni.

Kuna mimea ambayo mtoto aifahamu kwa sura na aiache hapo hapo ilipo:

- Mnyaa, ule mmea wa kuoteshea ua, wenye vijiti vya kijani vya mviringo visivyo na majani. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huumiza vibaya sana.
- Mbarika, wenye majani mapana kama kiganja kilichotanuliwa na mbegu za madoadoa zinazopendeza macho. Mbegu hizo ni sumu.
- Mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, wanazoziita macho ya tipitipi. Watoto huzipenda kwa kutunga shanga. Nazo ni sumu kali.
- Mmea wenye maua makubwa meupe au ya rangi ya pichi yanayoning'inia chini kama tarumbeta. Umepandwa kwenye nyua nyingi za Nairobi, na mmea wote ni sumu.

Mvua ikinyesha sana, yupo pia yule mdudu mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi ambaye amebeba jina la jiji letu, Nairobi fly. Haumi wala hadungi. Akipondwa juu ya ngozi ndipo maji ya mwili wake huunguza na kuacha vidonda. Mfundishe mtoto ampulize atoke, asimpige kofi, na akimponda kwa bahati mbaya aoshe mahali hapo upesi kwa sabuni na maji.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kitu chochote kinachopenya ndani ya bomba la karatasi ya choo ni kidogo mno kwake. Mpe maganda makubwa na majani, mbegu ziwe za wakubwa.

Mwanasesere wa maganda ya mahindi

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu vifaa vyake vinatupwa kila jioni kwenye kila kona ya jiji hili. Pita kwa mchoma mahindi kabla hajafunga. Mwambie, "Mama, naomba maganda ya mahindi manne, yale ya ndani, na ndevu zake." Wengi watakupa bure, ingawa wengine maganda yao yana mwenyewe, mfuga mbuzi anayeyapitia jioni na gunia. Nunua hindi moja mtoto ale, halafu uombe.

Waache watoto wenyewe wayachambue. Maganda ya nje ni mazito, ya kijani kibichi, na yana vumbi la barabarani. Yanayofaa ni ya ndani, yaliyokuwa yamekumbatia punje: ni meupe, laini, na ukiyapitisha kidole utahisi mistari midogo inayokimbia kutoka kitakoni hadi nchani. Mistari hiyo ndiyo inayoamua ganda litachanika wapi. Mwonyeshe mtoto kwamba ganda huchanika kirahisi kwa urefu na hukataa kabisa kwa upana. Akilielewa hilo, hatahitaji mkasi kwa nusu ya kazi.

Msiyatumie siku hiyo hiyo. Ganda bichi likikauka hunywea, na fundo ulilokaza leo litalegea kesho kutwa, kichwa cha mwanasesere kianguke mbele ya mwalimu. Yatandazeni juu ya gazeti kivulini kwa siku mbili au tatu. Msiyaanike juani, maana yatajikunja na kuwa makavu ya kuvunjika. Ndevu nazo zitandazeni pembeni. Zikikauka hubadilika kutoka rangi ya dhahabu hadi kahawia, na mtoto anaweza kuchagua nywele za mwanasesere wake kwa kuzitoa mapema au kuzichelewesha.

Siku ya kazi, andaeni beseni la maji ya uvuguvugu, uzi wa katani au uzi wowote imara, na mkasi.

1. Loweka maganda kwa dakika kumi mpaka yawe laini kama kitambaa. Yatoe, yakung'ute maji.

2. Chukua maganda sita. Weka fungu la ndevu katikati yake, ncha zikitazama upande wa ncha pana za maganda. Funga yote pamoja kwa uzi, vidole viwili kutoka kwenye ncha hiyo nyembamba. Kaza sana. Hapa mtu mzima ashike na mtoto afunge, au kinyume chake. Punguza kwa mkasi vishungi vya maganda vilivyozidi juu ya uzi.

3. Sasa ndiyo hatua ya kupendeza. Shika lile fundo, ncha pana zikiwa juu, kisha kunja ganda moja moja kuelekea chini kulizunguka, kama unavyomenya ndizi. Fundo linazama ndani, ndevu zinachomoza juu zikiwa nywele. Watoto hucheka kila mara hapa, kwa sababu kichwa hutokea ghafla mahali palipokuwa na fungu la takataka.

4. Funga uzi chini ya kichwa, upate shingo. Kichwa kikiwa chembamba mno, fungua, weka ndani kipande cha ganda kilichofinyangwa kuwa tufe dogo, ufunge upya.

5. Kwa mikono, viringisha ganda moja kwa urefu mpaka liwe mrija, funga ncha zote mbili. Atakayependa asuke maganda matatu membamba badala ya kuviringisha, mkono utakuwa imara zaidi. Pitisha mrija huo chini ya shingo, katikati ya maganda ya mbele na ya nyuma.

6. Funga kiuno chini ya mikono. Kisha chukua kipande chembamba cha ganda, kipitishe begani kushoto hadi kiunoni kulia, kingine upande wa pili, vikutane msalaba kifuani. Hivyo mikono haitachomoka.

7. Chini ya kiuno mtoto anaamua. Akiacha maganda yatanuke, ni gauni. Akiyagawa mafungu mawili na kuyafunga magotini na vifundoni, ni suruali.

Acha akauke usiku mzima akiwa amesimama, gauni likiwa limetanuliwa juu ya kikombe. Uso usichorwe mpaka akauke kabisa, la sivyo wino utasambaa. Tena si lazima uso uwepo. Watoto wengi hucheza vizuri na mwanasesere asiye na uso, leo amefurahi na kesho analia kadiri ya mchezo.

Kipande cha kitambaa cha leso kuukuu kitamtosha kwa kilemba au kwa kubeba mtoto mgongoni. Hapo msimzuie mtoto. Atatengeneza mtoto wa mwanasesere kwa ganda moja bila kuambiwa.

Gari la mabua

Wazazi na babu zetu waliokulia mashambani waliunda magari haya bila kufundishwa na mtu. Nairobi mabua hayako mbali kama unavyodhani: Ruai, Njiru, Dagoretti na pembe nyingi za Kasarani bado kuna vishamba vya mahindi, na mahindi ya masika yakishavunwa, kuanzia Agosti, mwenye shamba hukuruhusu kuchukua mabua makavu machache ukimwomba vizuri. Chagueni yaliyonyooka, manene, yaliyokauka hadi rangi ya majani makavu, yasiyo na ukungu mweusi wala matundu ya wadudu.

Bua lina sehemu tatu za kujua. Ganda la nje ni gumu na linang'aa. Moyo wa ndani ni mweupe, mwepesi, unabonyea. Mafundo yanayogawa pingili ni magumu na hayatufai. Tahadhari moja kubwa: ganda la bua likipasuliwa lina ukingo unaokata kama wembe. Kulimenya ni kazi yako wewe mtu mzima, ukiwa umeshika kwa kitambaa kizito. Mtoto anapokea moyo uliokwisha menywa na njiti zilizokwisha sawazishwa.

Kata bua pembeni mwa kila fundo, upate pingili za urefu wa kama sentimita kumi na tano. Acha pingili moja nene ya chini ya bua bila kumenywa. Nyingine zimenye: chomeka ncha ya kisu chini ya ganda, inua, kisha vuta utepe hadi mwisho. Tepe hizo usitupe. Zichane ziwe njiti za unene wa kiberiti, ukingo wake uukwaruze kwa mgongo wa kisu usiwe mkali. Njiti ndizo misumari yetu.

Sasa mpe mtoto mioyo miwili ya pingili, ailaze sambamba, na achomeke njiti tatu kupitia zote mbili: mbele, katikati, nyuma. Moyo hupokea njiti kwa sauti ndogo ya kusagika na huishika. Hiyo ndiyo fremu. Juu yake ajenge apendavyo, vipande vifupi vya moyo vikiwa viti, boneti au keria. Mwenye mtoto anayependa matatu ajue kwamba kazi ya keria na rangi za ubavuni itachukua muda mrefu kuliko gari lenyewe, na ni sawa.

Magurudumu ndipo magari mengi yanapokwama, basi hapa nitakaa kidogo. Kata ile pingili nene isiyomenywa vipande vya sentimita mbili, vinne. Toboa kila kimoja katikati kwa msumari, na uzungushe msumari mpaka tundu liwe pana kuliko ekseli. Ekseli ni kijiti kilichonyooka, cha mti wowote mkavu, au kijiti cha mshikaki. Ichomeke kwa nguvu katika fremu isizunguke. Gurudumu livae kwenye ekseli likiwa huru, na nje yake chomeka kipande kidogo cha moyo wa bua kama kizibo, kikiacha nafasi ndogo gurudumu lipumue. Kanuni ni hii: kimoja kikaze, kingine kizunguke. Ekseli na gurudumu vikikaza vyote, gari litaburutwa. Vikilegea vyote, magurudumu yatayumba na kutoka. Usimwambie mtoto jibu haraka. Mpe gari lisiloenda na umwache atafute kinachokaza.

Mkitaka magurudumu makubwa yanayostahimili sakafu ya simiti, yakateni kutoka kwenye soli za malapa yaliyochakaa. Hicho si kitu cha porini, lakini kimeokotwa vilevile.

Vijiti vilivyobaki vyenye ncha vikusanyeni mara moja. Mtoto mdogo asiachiwe njiti hizi za kuchezea usoni, hata kutengeneza miwani.

Rangi ya udongo

Nairobi imepata bahati ya aina mbili za udongo. Upande wa magharibi na kaskazini, kuanzia Kangemi na Kabete hadi maeneo ya Karura, udongo ni mwekundu. Umetokana na miamba ya volkano na wekundu wake ni chuma kilichoshika kutu. Upande wa mashariki na kusini, kuelekea Embakasi na Athi River, ni ule mweusi wa mfinyanzi unaonata viatuni mvua ikinyesha na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kama mna ndugu upande wa pili wa jiji, badilishaneni kopo moja moja.

Udongo mwekundu ukausheni juani, upondeni kwa jiwe, kisha mwagieni ndani ya chupa ya maji na mtikise. Hesabuni pamoja hadi thelathini: mchanga mzito unatua chini. Mimineni maji ya tope kwenye chombo kingine, mkiuacha mchanga. Chombo hicho kikae usiku kucha. Asubuhi maji yamekuwa safi juu na chini kuna tope laini kabisa, halina hata chembe ya kukwaruza. Mwageni maji polepole. Tope hilo ndilo rangi. Jeusi nalo hufanywa vivyo hivyo, ingawa huchukua muda mrefu zaidi kutua.

Rangi inahitaji kitu cha kuishikilia. Koroga vijiko vitatu vya unga wa ngano kwa maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe, ongeza maji hadi kikombe kimoja, weka kwenye moto mdogo ukikoroga mpaka iwe uji mzito. Ikipoa hiyo ni gundi, na inabandika karatasi, majani na maganda pia. Changanya vijiko viwili vya tope na kimoja cha gundi. Itengenezeni kidogo kidogo, maana baada ya siku mbili itaanza kunuka.

Makaa yaliyosagwa hutoa nyeusi iliyokolea, jivu lililochekechwa hutoa kijivu, na manjano ya jikoni hutoa njano isiyotoka nguoni, kwa hiyo mvalisheni mtoto fulana ya zamani. Brashi ni kijiti kibichi kilichopondwa ncha kwa jiwe mpaka kifumuke, mithili ya mswaki. Chora juu ya kadibodi ya boksi. Karatasi ya daftari hujikunja ikilowa.

Ganda la jakaranda

Fupi tu. Mijakaranda ya Nairobi huchanua zambarau kuanzia Septemba hivi hadi Novemba, na maganda yake bapa, magumu, ya kahawia huanguka baadaye, mengine yakiwa yamejifungua pande mbili. Hayahitaji kukatwa. Yapakeni rangi ya udongo: likilazwa ni kobe, likisimamishwa kwa ubavu ni samaki. Toboa ukingoni kwa msumari, mtundike matano au sita kwenye kijiti kwa uzi, yatagongana dirishani upepo ukivuma. Mbegu zake nyembamba zenye bawa angavu hubandikwa kwa gundi ya unga zikawa mabawa ya kipepeo.

Kuzitunza mpaka siku ya shule

Vitu hivi vyote haviwezani na maji. Rangi ya udongo huchujuka, ganda la mahindi huota ukungu, na bua lililonyeshewa hulegea. Viwekeni ndani ya boksi la viatu lenye matundu, mahali pakavu, msivifungie ndani ya kopo la plastiki. Kabla ya kuhifadhi, weka mabua juani saa chache ili wadudu watoke. Kazi ya muhula wa kwanza huangukia karibu na masika, basi boksi lenyewe livishwe mfuko wa kitambaa kizito, na mtoto anayepanda matatu alipakate, asiliweke chini penye viatu vya watu. Gari likivunjika gurudumu njiani, awe na njiti mbili na kizibo kimoja cha akiba mfukoni. Ameliunda mwenyewe, atajua pa kuvichomeka.